Kwenzi Aliyeitika Kibuyu

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na mimi sikuwa na hoja ya kubishana na methali. Bodaboda ilituangusha kwenye tope karibu na soko la Bariadi. Dereva akainuka, akajipangusa suruali, akaniuliza kama nimeumia. Mimi nilikuwa bado chini nautazama mguu wangu ulioelekea upande usio wake. Sitaandika hapa nilichomjibu. Wiki hiyohiyo, mguu ukiwa ndani ya plasta na kibanda changu cha cherehani kikiwa kimefungwa kufuli, nilipelekwa kwa shangazi yangu kijijini, ukiiacha barabara ya Dutwa na kuingia ndani kwenye mashamba ya pamba.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane wa siku nyingi, watoto wake wameolewa na kuoa mbali, na pale nyumbani alikuwa peke yake na ng'ombe wachache wa maziwa aliowajua kwa tabia zao kuliko alivyotujua sisi ndugu zake. Alinipokea vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni mbaya. Nimezoea kukanyaga cherehani tangu asubuhi, na kukaa bure kunanitia wazimu. Nililalamika chumvi imezidi, nikalalamika jogoo anawika vibaya, nikalalamika kwamba ili upate mtandao wa simu lazima upande juu ya kichuguu, na mimi kichuguu siwezi kupanda. Shangazi alisikiliza yote huku akiendelea na kazi zake. Aliwahi kuniambia mara moja tu kwamba ulimi wangu ndio uliostahili kufungwa plasta.

Alasiri moja mvua ilikuja na upepo mkali, ukavunja tawi la mgunga nyuma ya zizi. Mvua ilipokatika shangazi alikwenda kuangalia ua, akarudi ameshika kitu ndani ya pindo la khanga. Akakiweka mapajani mwangu.

"Shika," alisema. "Wewe huna mguu, huyu hana mama. Sumbuaneni nyie wawili, mimi mniache nipumzike."

Kilikuwa kifaranga cha kwenzi. Kwenzi ni wale ndege wa mgongo wa buluu inayong'aa na tumbo la rangi ya matofali, wanaozurura kwenye maboma yetu wakiokota makombo bila kuomba ruhusa. Lakini huyu hakuwa na buluu yoyote. Alikuwa ngozi tupu yenye vijiti vya manyoya, macho ya kahawia, na mdomo wa njano mkubwa kuliko shida zake zote. Aliufungua mdomo ule kunielekea mimi na kupiga kelele. Nilidhani ananitukana. Kumbe alikuwa na njaa.

Nikampikia yai, nikatenga kiini na kumlisha kwa ncha ya kijiti nilichokichonga. Shangazi aliniletea mchwa kwenye kopo na panzi aliokwisha kuwang'oa miguu ya nyuma, maana ile miiba yake hukwama kooni. Alinikataza kumdondoshea maji mdomoni, akasema maji ya panzi yanamtosha, ya kumimina yataingia kwenye pumzi. Akishakula, ndege aligeuka, akainua makalio na kutoa choo nje ya bakuli nililomlaza, kwa adabu ambayo baadhi ya wateja wangu hawana. Kisha akalala. Kisha akaamka na kutaka tena. Tangu alfajiri hadi jua lizame sikuwa na muda wa kulalamika, na ninaamini shangazi alilijua hilo kabla hajamwokota yule ndege.

Kwa kuwa mimi ni fundi, nilimtandikia mabaki ya vitambaa. Siku ya tatu hivi nilikuta uzi umemzunguka kidole cha mguu hadi kimevimba. Nilikata uzi ule kwa mkasi mdogo wa kutobolea matundu ya vifungo, unyuzi kwa unyuzi, mimi niliyekata mamia ya mashati bila kuutazama mkasi. Tangu hapo alilalia nyasi kavu kama ndege wa watu wengine.

Manyoya yalipoanza kufunguka nilianza kumfundisha mkono. Kanuni ya kwanza niliipata kwa kukosea: mkono usimjie kutoka juu. Kinachotoka juu kwa ndege ni mwewe, hata kikiwa kinanuka yai. Mara ya kwanza nilipomshika kutoka juu alijikunyata akawa mdogo kama kokwa, na siku nzima hakuniamini. Ikabidi niweke mkono chini, kiganja wazi kwenye mkeka, panzi katikati ya kidole na gumba, na nisubiri. Kusubiri! Nilihesabu fito za paa, nikahesabu tena. Mwisho aliweka mguu mmoja kwenye kidole changu, akauondoa, akauweka tena, halafu wote wawili. Alikuwa mwepesi, lakini kucha zake zilishika kweli. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, mtu mzima na akili zangu.

Kilichofuata ni kumfundisha kuja akiitwa, maana alikwisha kuanza kuruka kutoka mkekani hadi kwenye kinu, na mimi kumfuata siwezi. Nikapiga mluzi. Shangazi alitoka jikoni kama aliyesikia nyoka.

"Nani anapiga mluzi hapa?"

"Mimi, shangazi. Namwita ndege."

"Mwanamke hapigi mluzi kwenye boma. Unaita usiyemjua. Tafuta namna nyingine."

Sikubishana. Ni kwake, na mwiko ni mwiko. Namna nyingine ikajileta yenyewe. Kila asubuhi shangazi alikaa kibarazani karibu yangu, akapakata kibuyu cha mtindi, akakitikisa ili apate siagi. Ni sauti ya uvivu lakini haikomi, chubwa, chubwa, chubwa, na huwezi kuiharakisha wala kuizuia. Mimi nikawa namlisha ndege wakati huohuo, kwa sababu ndio muda tuliokuwa tumetulia wote watatu. Haukupita muda, kibuyu kikianza tu, ndege alikuja kutoka popote alipokuwa, kwenye kamba ya nguo, kwenye boriti, juu ya mgongo wa ng'ombe, akatua kidoleni kwangu mdomo wazi. Tuliona ni jambo zuri sana. Tulilisifia kwa kila aliyepita.

Alikua akapendeza. Buluu ilitoka mgongoni, tumbo likawa jekundu kama matofali, na ule mstari mweupe kifuani ukajichora. Macho nayo yakabadilika, kahawia ikapauka hadi yakawa meupe, kama walivyo kwenzi wote wakubwa. Sikujua kwamba macho hayo meupe yatatuletea maneno.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mama mmoja mchangamfu, mke wa mzee mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale kitongojini. Asubuhi moja alikuwa anatikisa kibuyu chake ndani ya jiko, ndege akaingia mlangoni, akatua juu ya kibuyu na kumkodolea macho yale meupe. Akamfukuza kwa ufagio. Siku hiyo siagi yake ilikataa kushikana. Maziwa hukataa siku nyingine, kila mtikisaji anajua. Lakini wiki hiyo ndama wake pia akafa. Bwana mifugo alikuja na pikipiki, akasema ni ndigana, ugonjwa wa kupe, akaondoka. Watu wakamsikia, wakabaki na lao.

Nilianza kuona kwenye salamu. Kwetu salamu ya asubuhi ni safari: mwangaluka, umeamkaje, wa nyumbani, ng'ombe, mvua, mpaka ukumbuke ulichokifuata. Shangazi alirudi kisimani akasema wamemwitikia neno moja tu, wakainua ndoo. Kesho yake hawakutoa hata hilo neno. Mama aliyekuwa akija kuchukua mtindi wa watoto wake hakuja. Halafu mwanamke mmoja, kwa huruma au kwa udaku, sijui, aliniambia kichochoroni mwa ua kwamba yule mzee amesema kilabuni: ndege hawezi kuingia jikoni mwa watu bila kutumwa. Na nani ana ndege? Na wazee wengine wakaitikia kwamba lisemwalo lipo.

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, mtu wa mjini. Shangazi hakucheka.

Niseme wazi kwa asiyetoka kwetu. Mwanamke mzee, mjane, anayeishi peke yake, akishasemwa kuwa mchawi, maneno hayaishii kwenye maneno. Kila mtu mkoani kwetu amesikia ya bibi aliyeuawa usiku mahali fulani. Macho ya shangazi yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi wa miaka yote aliyopika, na sasa macho yale yakawa ushahidi wa uchawi. Jua likianza kushuka alikuwa anafunga mlango na kuegemeza mchi nyuma yake. Chakula alikimega akakiacha. Aliacha pia kutikisa kibuyu, akawapa ndama maziwa yote. Niliona amekonda kwenye mabega, na hapo kicheko changu kikanikauka. Niliogopa. Niliogopa hivyo mara ya mwisho nilipokuwa mtoto.

"Mfungie kwenye boksi," aliniambia. "Mguu ukipona umpeleke Bariadi. Au mwachie paka, sijali."

"Akipotea watasema umemficha."

Alijua ni kweli. Ndege akiwepo ni kosa, akikosekana ni kosa.

Jibu lilinijia asubuhi moja nikiwa kibarazani, ndege gotini, shangazi amelala ndani akiutazama ukuta. Kwa mbali, kwenye boma la jirani, kibuyu kikaanza. Kwa sikio langu kilikuwa chini kuliko upepo. Ndege aliinamisha kichwa, akasikiliza, akanitazama mkono uliokuwa mtupu, akaruka moja kwa moja kuelekea kule. Mimi nikapiga paja, nikaumia mguu, nikalia kwa sauti. Shangazi akatoka mbio.

"Ni kibuyu, shangazi! Hamtafuti mtu. Anatafuta kibuyu!"

Alinielewa upesi kuliko nilivyotegemea, lakini hakutaka niende. Alisema nitawasha moto kwenye nyasi. Mimi nikishapandisha mori siwezi kushuka. Nilichukua magongo yangu, nikatundika kibuyu chake kitupu shingoni, nikaenda, nikikanyaga vibaya kwenye matuta ya pamba na kumtukana mwenye bodaboda kila hatua.

Boma la jirani lilikuwa na watu. Wanawake waliotoka palizi walikuwa wamekaa kivulini, na mzee mwenyewe alikuwa anarekebisha kamba ya ng'ombe. Mama mwenye nyumba alikwisha kumfukuza ndege, na ndege alikuwa juu ya paa akisubiri watu wapate akili. Nilisalimia salamu yote, ndefu, bila kuruka kitu. Waliitikia kwa sababu hawakuwa na namna.

"Baba," nikamwambia mzee, "nimesikia ndege wetu anatumwa. Nimekuja kuwaonyesha anayemtuma."

Nikakishika kibuyu changu, nikakitikisa. Ndege paani akanitazama. Nikatikisa kwa nguvu zaidi. Akageuza shingo, akaanza kujichokoa bawa. Jasho lilinitoka hadi ndani ya plasta. Mzee aliangusha kamba mkononi, na nikaona wanawake wawili wakitazamana. Nilifikiri, leo nimemuua shangazi yangu kwa mdomo wangu.

Aliyeniokoa ni yule mama mwenyewe, na aliniokoa kwa dharau.

"Mtoto wa mjini," alisema, "hicho hakina kitu ndani. Unatikisa upepo. Hata siagi ingekucheka."

Akaingia jikoni, akatoka na kibuyu chake chenye mtindi nusu, akakaa, akakipakata kwenye paja. Nadhani hakukusudia kuthibitisha lolote. Alitaka tu kumwonyesha fundi nguo jinsi ya kutikisa maziwa. Chubwa, chubwa, chubwa. Ndege alishuka kutoka paani kama jiwe, akatua juu ya mkono wake, akafungua mdomo na kupiga kelele za njaa usoni mwake.

"Mlishe," nikasema. Nilikuwa na panzi kwenye kitambaa. Akampa, bila kufikiri, kama unavyompa chochote anayefungua mdomo mbele yako.

"Sasa mpe mwenzako kibuyu."

Kikaenda kwa jirani yake, ndege akakifuata. Kikaenda kwa binti aliyekuwa amekaa mwisho, ndege akakifuata. Wakaanza kunyang'anyana. Hapo nikamwona shangazi, amesimama kwenye upenyo wa ua, khanga ameishika kifuani kwa mikono miwili. Alikuwa amenifuata. Ndege alipokuwa anahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine alimpita karibu kabisa na sikio, wala hakumtazama. Wote waliona.

Mzee hakuwa ameridhika. Alisema wanawake wanashirikiana mambo yao, akasimama. "Lete hapa," akasema.

Mwanaume wa kwetu hatikisi maziwa. Nimekaa dunia hii miaka mingi sijaona. Lakini alikaa kwenye kigoda cha mkewe, akakipakata kibuyu kwa namna ya mtu aliyebebeshwa mtoto mchanga wa mwingine, akatikisa. Chu-bwa. Chubwa-chubwa. Kwenzi alizunguka mara moja juu ya ua na kutua juu ya kofia yake ya pama, kwenye ukingo, akainama akamchungulia jicho kwa jicho.

Kisha mkewe akasema, taratibu kabisa:

"Ee. Kumbe mchawi nimelala naye mimi miaka yote hii."

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena. Mwanamke mmoja alianguka ubavu. Binti alikimbia nyuma ya ghala akicheka huko. Mzee alijaribu kukunja uso, ndege akapiga kelele ya kudai panzi juu ya kichwa chake, na uso ukamshinda. Alicheka hadi mtindi ukamwagika kwenye suruali. "Mpeni chake aondoke," alisema, "mpeni chake, jamani." Nikampa. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na sikujali nani ananiona.

Kisha mzee alivua kofia, akamgeukia shangazi pale kwenye upenyo. Hakuomba msamaha. Wanaume wa umri wake hawaombi wanawake msamaha mbele za watu, na mimi hilo bado linaniudhi. Alimwita kwa neno letu la mama, "Mayo, ingia. Mbona umesimama nje kama mgeni?" Shangazi akaingia. Wakamsogezea mkeka. Mmoja akamsalimia, mwingine akadakia, ikaanza ile safari yote ya ng'ombe na mvua na wa nyumbani, na yeye akaitikia kila kituo, sauti yake ikipanda kidogo kidogo.

Asubuhi iliyofuata alijaza kibuyu, akakaa kibarazani, akaanza kutikisa. Alitikisa mara chache tu nikaona kichwa kinainama. Akalala palepale, amekaa, mgongo ukutani, mdomo wazi, anakoroma mchana kweupe, mlango nyuma yake wazi kabisa. Sikumgusa. Nilikuwa najua ni usingizi wa siku ngapi. Nilifukuza kuku kwa gongo ili wasimwamshe.

Yule mama jirani akaja. Nikaweka kidole mdomoni. Alimtazama shangazi. Kisha akachuchumaa, akakitoa kibuyu polepole kutoka kwenye mikono iliyolegea, akakaa chini kwenye mkeka wetu, akaendelea kutikisa pale shangazi alipoachia. Ndege akaja, tukamlisha kwa zamu bila kusema. Aliendelea hadi sauti ya ndani ikabadilika na kuwa nzito. Akafungua, akaingiza kidole, akalamba mbele yangu siagi ya nyumba ileile waliyokuwa wakiiogopa.

"Imeshikana," alinong'ona. "Akiamka mwambie nimechukua kidogo ya watoto."